Mwanamke anayejitegemea, mahaba bado anayataka?

Mdau wa Nkuhungu: Wadau, dada mwenye kazi yake hapa Dodoma, kiwanja kwa jina lake na akili iliyotulia, kweli bado ana moyo wa mahaba? Au huko ni kumsumbua tu?

Dada wa Kisasa: Anao, kaka, na kipato ndicho kinachompa nafasi. Mwaka 1967 mtafiti William Kephart aliwauliza wanafunzi wa chuo Marekani kama wangefunga ndoa na mtu mwenye sifa zote ila hawampendi. Waliokataa: wanaume asilimia 65 hivi, wanawake 24 tu. Swali lilelile 1984, jinsia zote zilikataa kwa zaidi ya asilimia 80. Asiyetegemea mume kwa kula ana uhuru wa kuchagua kwa moyo. Ni Marekani, sawa, lakini mantiki yake hata hapa naiona.

Mzee wa Makole: Umenena, binti yangu. Wengi hukosea kwa kumwaga fedha, kitu alicho nacho tayari. Mpe muda na kumbukumbu: akisema Jumatatu ana kikao kigumu, jioni muulize kikao hichohicho. Kilo moja ya zabibu zilizochumwa asubuhi inamgusa kuliko simu ya mkopo. Na usiguse kiwanja chake. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 58, inasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali.

Mdau wa Nkuhungu: Shikamoo mzee. Kwa hiyo nianze na masikio.

Mzee wa Makole: Marahaba. Na usimkatize akiongea.