Ushauri: nataka kupanda mlima Hanang peke yangu, natokea Dodoma

Mtumishi_Dom: Wakuu, habari za jioni. Wiki nzima mimi na mafaili, nimechoka. Kilimanjaro hela yake sina, na makundi ya watu siyataki. Nasikia Hanang ukishapita msitu kuna mgongo wa nyasi na vichaka vifupi, unatembea hukutani na mtu. Nataka kwenda mwezi wa saba, mwenyewe, kupanda na kushuka siku hiyohiyo. Mazoezi yangu ni kilima cha Mlimwa kila asubuhi. Yanatosha?

magoti_mabovu: Mlimwa unashuka chai haijapoa, mkuu. Hanang ni mita 3,420. Kutoka Katesh, mji ulio chini ya mlima, una zaidi ya mita 1,500 za kupanda, na jioni ukishuka unazilipa zote kwa magoti. Siku moja inawezekana ila uanze saa kumi usiku na tochi ya kichwani. Kichwa kikianza kugonga huko juu, geuza.

MwanaKatesh: Peke yako hapana. Ule mgongo una vilele vya uongo: unafika, unashusha begi, kumbe kingine kiko mbele. Ukungu ukishuka hapo huoni hata fimbo yako, na huku chini njia za ng'ombe zinafanana kabisa na njia ya mlima. Huo ni msitu wa hifadhi, uko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Pitia ofisini kwao, upewe kontrol namba ulipie, na uulizie mtu wa kukuongoza. Usimpe mtu hela mkononi. Maji beba lita nne, usitegemee kijito.

bibi_wa_Kondoa: Mwanangu, mwezi wa saba umechagua vizuri. Mvua za mlima ule si za kuchezea, tope la tarehe 3 Desemba 2023 pale Katesh liliua watu zaidi ya 80. Beba sweta zito, baridi ya juu si hii ya Dodoma.

Mtumishi_Dom: Asanteni, shikamoo bibi. Sasa huyo kiongozi si ataongea njia nzima? Nafuata ukimya.

MwanaKatesh: 😂 Mwambie mapema, atakuacha utangulie. Ule mwinuko wenyewe hauna nafasi ya stori.

magoti_mabovu: Panda basi la Arusha linalopita Kondoa, shuka Babati, ukamate la Singida mpaka Katesh. Fika siku moja kabla na iwe siku ya kazi, maana saa kumi usiku hakuna wa kukutolea kontrol namba.