Kifuatiliaji kinasema programu yangu ni safi, lakini siri inavuja. Nithibitisheje?

Nuru_ya_Kodi: Habari wakuu. Programu yangu inapokea namba ya siri ya mtumiaji na kuandika kazi zake kwenye logi (faili la kumbukumbu za programu). Nimeweka kifuatiliaji kinachotia alama data zote za siri na kupiga kelele alama ikifika kwenye logi. Majaribio yote yamepita. Juzi mwenzangu kasoma logi peke yake, akaniambia tarakimu yangu ya mwisho ni shufwa. Kweli! Nikakuta sharti: ikiwa shufwa andika A, ikiwa witiri andika B. Hakuna siri iliyonakiliwa popote. Imenikosesha usingizi, maana watu wameniamini.

Mzee_wa_Msimbo: Pole mkuu. Siri haikupita kwenye data, imepita kwenye sharti. Kifuatiliaji chako kinaona kinachonakiliwa tu, wakati uamuzi wa kwenda A au B nao ni habari. Mwanasayansi wa kompyuta Dorothy Denning alipanga ngazi za usiri mwaka 1976, na 1977 yeye na mwenzake Peter Denning wakaeleza namna ya kukagua programu kabla haijaendeshwa. Kanuni ni hii: ukiwa ndani ya sharti linalotegemea siri, usiandike chochote mahali pa wazi. Hata ukiandika neno lisilobadilika, umevujisha.

Nuru_ya_Kodi: Nimeifuata. Sasa mkaguzi, yaani programu inayokagua kodi yangu kwa kanuni hiyo, anakataa hata sehemu ya kuingia, kwa sababu jibu "sahihi" au "si sahihi" linatokana na siri.

Bi_Hakiki: Na ana haki ya kukataa, ndugu yangu. Wanasayansi wa kompyuta Goguen na Meseguer waliliweka wazi mwaka 1982: badilisha siri, acha mengine yote yalivyo, na anayetazama kwa nje asione tofauti. Hakuna ukurasa wa kuingia unaotimiza hilo. Kwa hiyo ruhusu siri itoke mahali pamoja tu, paandikwe kwenye kodi, na useme kinachotoka: ndiyo au hapana, basi. Weka na kikomo cha kujaribu, la sivyo mtu ataikisia mpaka aipate.

Kuendesha programu mara mbili kwa siri mbili tofauti kunakamata uvujaji, lakini hakuthibitishi kwamba haupo. Ukitaka uthibitisho, unganisha nakala mbili za programu ziwe moja, kila moja na variabo zake (sehemu zinazohifadhi data), kisha kipe kithibitishaji (programu inayothibitisha kihisabati) kazi ya kuonyesha kwamba matokeo ya wazi yanalingana kwa siri yoyote. Ni kazi nzito. Anza na sehemu ndogo inayogusa siri.

Saa_Mkononi: Angalieni na muda. Ulinganishaji unaosimama kwenye herufi ya kwanza iliyokosewa unamwambia mshambuliaji amefika wapi. Mwaka 1996 Paul Kocher, mtaalamu wa usimbaji, alionyesha funguo za usimbaji zikipatikana kwa kupima muda tu. Njia zote mlizotaja hazitaliona hilo msipouhesabu muda kuwa tokeo.

Nuru_ya_Kodi: Asanteni sana. Nimeshaondoa A na B, na ulinganishaji sasa unapitia tarakimu zote hata ikikosewa ya kwanza. Mkaguzi amebaki na malalamiko mawili: mlango wa kuingia, ambao nimeuandikia ruhusa, na ujumbe wa kosa unaotaja urefu wa namba ya siri. Huo wa pili sikuwa nikiujua kabisa. Naufuta leo.