Faili moja, timu tatu: mwenyewe nani?

Wakuu, nimehamia ofisi ya mawakili wa serikali juzi. Mkataba wa ujenzi umepita timu ya mikataba, ukaenda timu ya madai (wanaoendesha kesi), sasa uko kwa waandishi wa sheria. Nimfuate nani?

— Karibu jikoni! Wa mikataba hupekua, yaani hukagua mkataba kifungu kwa kifungu, kabla ya kusaini. Mgogoro ukifika mahakamani au kwenye usuluhishi, faili ni la madai. Waandishi huenda wanaulizwa tu kuhusu kanuni.

— Nimekaa madai miaka tisa. Aliyepekua mkataba asiachiwe kesi peke yake, atautetea kama mwanawe. Ila mkalishe karibu, ndiye anayejua kila kifungu kiliingiaje.

— Lo, na mimi nimeshawaandikia dokezo wakuu wa timu zote tatu!