Mpwa wangu wa miaka 13 anapelekwa Dar es Salaam Jumamosi, nifanye nini?

Mjomba wa Kilolo
Shikamooni wakubwa, na wengine nawasalimu. Binti wa marehemu dada yangu amemaliza darasa la saba na anaishi kwa bibi yake huku Kilolo. Kuna mama mmoja ambaye kila mwaka, mitihani ikishakwisha, hupita vijijini kuchukua mabinti. Safari hii ameahidi kumpeleka huyu akajifunze ushonaji, lakini hasemi atakaa kwa nani wala mtaa gani. Amemwachia mama yangu shilingi 50,000 za sabuni, naye amekwisha kuzipokea. Nitamzuiaje mtoto bila kumvunjia heshima mzazi?

Dada wa Mufindi
Pole sana, kaka. Mimi nilichukuliwa hivyo hivyo. Niliahidiwa cherehani, nikakabidhiwa jiko na watoto watatu wa kulea, na kila nilipouliza mshahara niliambiwa bado ninalipa nauli pamoja na fedha alizopewa baba. Sikuwa na simu, wala sikujua nimetokea njia ipi. Hizo 50,000 zinanitisha kuliko ahadi yenyewe, kwa sababu atakayezilipa ni mtoto.

Mstaafu wa Ustawi wa Jamii
Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 haimlindi msafirishaji kwa hoja kwamba mtoto mwenyewe aliridhia, au kwamba bibi alikubali. Kwa aliye chini ya miaka 18, kumchukua ili anyonywe kunatosha kuwa kosa, hata kama hakutishwa wala kudanganywa. Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na hapo ni kazi nyepesi tu.
Mwone mtendaji wa kijiji kesho, kisha Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi; namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bila malipo. Fedha zirudishwe mbele ya mtendaji, kwa maandishi, ili mama yako asibaki na deni wala lawama. Andika jina la huyo mama, namba yake ya simu na basi analotumia.

Mwalimu wa Njombe
Naongeza moja. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2016, lakini sare, madaftari na chakula havikufutwa, na hapo ndipo bibi wengi wanaowapenda wajukuu wao hushindwa. Ukimzuia mtoto asiondoke, uwe na jibu la Januari.

Mjomba wa Kilolo
Asanteni. Sare na madaftari nitabeba mimi, na mama nitamweleza usiku huu, nikiwa nimekaa chini yake kama inavyopasa. Ila nimesikia kuna mabinti wengine wawili wa kitongoji jirani watakaopanda basi hilo hilo, na wazazi wao siwafahamu.

Mstaafu wa Ustawi wa Jamii
Wataje wote watatu kwa mtendaji, na usingoje Ijumaa.