Naomba ushauri: moshi jikoni kwa mama, Kasulu

Wakuu habari zenu. Nimerudi nyumbani Kasulu wiki iliyopita na nimemkuta mama anakohoa usiku kucha, macho mekundu. Zahanati walimpa dawa ya kifua, akapata nafuu siku mbili, kisha akarudi kwenye mafiga matatu na kikohozi kikarudi naye.

Jiko lake ni chumba cha tofali za kuchoma, paa la bati, kidirisha kimoja cha kiganja hivi. Maharage yanachemka kwa muda wa saa tatu, na msimu huu wa mvua kuni ni mbichi. Mjukuu wa miaka miwili anashinda mgongoni kwake humo humo, na hilo ndilo linaninyima usingizi. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo watoto wengi wa chini ya miaka mitano.

Gesi nilimnunulia. Mtungi uliisha, kujaza ni mpaka mjini, akaacha. Mkaa naogopa, hauna moshi ila hewa yake yenye sumu huioni wala huinusi.

Nawaza kujenga jiko banifu la udongo lenye dohani, na kutoboa matundu mawili chini ya paa, pande zinazotazamana. Fundi anasema mvua itaingia. Waliojenga, dohani mliipitisha ukutani au kwenye bati? Mlizuiaje kuvuja? Na kuni mnazikaushia wapi masika?