Naomba ushauri: Kimongolia na Kioromo kwenye tasnifu moja, nimejipalia makaa?

Kijana_wa_Isiolo
Wadau, hamjambo. Nimezaliwa Isiolo, nyumbani tunaongea Kiborana, yaani Kioromo cha upande wetu wa Kenya. Nasoma isimu, uzamili, na mwezi ujao natakiwa kuwasilisha pendekezo la utafiti.

Niliona video ya wafugaji wa ngamia wa Mongolia. Mtoto anamwita baba yake "aav". Sisi twasema "abbaa". Nikaanza kuchimba. Kitenzi kinakaa mwisho wa sentensi, kama kwetu. Irabu fupi na ndefu zinabadilisha maana: kwao "ul" ni unyayo na "uul" ni mlima, kwetu "lafa" ni ardhi na "laafaa" ni laini. Viambishi vinagandishwa nyuma ya nomino. Nikaandika kichwa: "Undugu wa Kimongolia na Kioromo".

Msimamizi wangu alisoma kichwa tu, akanirudishia karatasi. Niache kabisa, au kuna namna ya kuiokoa?

Mama_Sarufi
Mwanangu, msimamizi wako amekusitiri. "Aav", "abbaa", "baba": mtoto mchanga popote duniani huanza na midomo, kwa hiyo maneno ya aina hiyo hayathibitishi ukoo. Na kitenzi kukaa mwisho? Kijapani nacho ni hivyo, Kihindi nacho ni hivyo.

Kioromo ni Kikushi, ndugu wa Kisomali, na juu yao kuna ukoo mkubwa wa Kiafro-Asia. Weka namba ubavuni uone. Nne ni "afur" kwa Kioromo na "afar" kwa Kisomali, tano ni "shan" kote kuwili, tisa ni "sagal" na "sagaal". Kimongolia: nne "döröv", tano "tav", tisa "yös". Umeona?

Hata hizo namba zisikulevye. Sita, saba na tisa zetu ni za Kiarabu, na hakuna aliyetufanya Waarabu kwa sababu hiyo. Undugu hutafutwa kwenye sauti zinazolingana kwa utaratibu, neno baada ya neno.

Baharia_Mstaafu
Kwa Kimongolia mifugo ni "mal". Sisi tuna mali. Basi na mimi ni ndugu yao, nidai urithi wa farasi 😂

Nyota_ya_Nyika
Niliishi Ulaanbaatar miaka miwili kwa masomo, niongeze kitu kuhusu hizo irabu ndefu. Tangu miaka ya 1940 Mongolia inaandika kwa herufi za Kisirili, lakini ile hati yao ya kale, inayoshuka kutoka juu kwenda chini, huhifadhi matamshi ya zamani. Humo mlima umeandikwa "agula". Konsonanti ya katikati ilidondoka, irabu zikaungana, ikabaki "uul". Ni kama njaa yetu: Wagiriama bado wanasema "nzala", sisi tulidondosha l. Kwa hiyo urefu wa irabu za Kimongolia una historia yake yenyewe, usiubebe tu ukaupachika kwenye Kioromo kwa sababu kote unaandikwa kwa irabu mbili.

Tena Kimongolia kina upatanifu wa irabu ambao nyinyi hamna. "Kutoka mkononi" ni "garaas", "kutoka nyumbani" ni "gerees". Kiambishi ni kimoja, kinavaa rangi ya irabu za neno. Mswahili asishangae, sisi wenyewe twasema pikia na katia lakini somea na chekea.

Mama_Sarufi
Nyota, umenikuna. Sasa kijana, nikupe pa kuchimba. Acha undugu, linganisha namna kila lugha inavyoonyesha nani ametenda na nani ametendwa. Wewe ni mzawa, hebu tuandikie "mtu alimwona mbwa".

Kijana_wa_Isiolo
Namni saree arge.

Mama_Sarufi
Na mtu peke yake, kwenye kamusi?

Kijana_wa_Isiolo
Nama. ... Aisee.

Mama_Sarufi
Ehe. Mtendaji ndiye aliyevalishwa kiambishi, mbwa kabaki uchi kama alivyo kwenye kamusi. Nyota, Kimongolia je?

Nyota_ya_Nyika
"Khün nokhoig kharsan." Khün ni mtu, hana kitu. Mbwa ni "nokhoi", hapo amepata -g kwa sababu ni mbwa fulani anayejulikana. Akiwa mbwa yeyote tu, hata hiyo -g inaweza kukosekana.

Mama_Sarufi
Basi tasnifu ndiyo hiyo. Lugha mbili za wafugaji, zote kitenzi mwisho, zote zinatumia viambishi vya nyuma, lakini moja inampa alama kiima na nyingine inampa shamirisho. Huo mtindo wenu wa kuvalisha kiima na kuacha shamirisho tupu ni adimu duniani, ila Afrika Mashariki umejaa. Ongeza jinsia: nyinyi mna "deeme" kwa mwanamume na "deemte" kwa mwanamke; Wamongolia wana "yavsan" kwa wote, kama "alienda" yetu.

Fundi_Simu_Moyale
Ushauri wa mtu wa kawaida: andika Kioromo kwa Qubee, ile ya Kilatini waliyoikubali Ethiopia mwaka 1991, na umweleze msomaji mapema. Mtu akikutana na "xiqqaa" ataisoma "ksi-kwa" na utachekwa ukumbini. Hiyo x ni t ya kufyatuliwa kooni.

Kijana_wa_Isiolo
Asanteni sana. Nimebadilisha kichwa, msimamizi kasema "hapa sasa tunaongea". Nimeanza kurekodi kwa bibi yangu. Tatizo jipya: nikimwomba aseme "mtu alimwona mbwa" anauliza mtu gani, mbwa wa nani, na alikuwa anatafuta nini karibu na mbuzi. Dakika arobaini, sentensi tatu.

Mama_Sarufi
Usimkatize. Rekodi na hayo maswali yake, ndiyo Kioromo chenyewe.

Baharia_Mstaafu
Mwambie bibi ni mbwa wa chuo.