Shilingi 10 za Solomon Linda: je, mkataba ni mkataba tu?

Mizani: Wanajukwaa, naomba tujadili jambo moja. Mwaka 1939, katika studio ya Gallo mjini Johannesburg, Solomon Linda aliimba na kundi lake la Evening Birds wimbo wa "Mbube", na haki za wimbo huo zikaishia kwa kampuni kwa shilingi 10. Kundi la The Weavers likaurekodi Marekani kwa jina la "Wimoweh", na mwaka 1961 The Tokens wakaufikisha kileleni mwa chati ukiwa na maneno mapya ya Kiingereza. Linda alifariki mwaka uliofuata akiwa fukara. Je, makubaliano ambayo upande mmoja haukuwa na njia yoyote ya kujua thamani ya kile unachokiuza yanastahili kuheshimiwa? Mimi nasema hayastahili.

Soko Huru: Ndugu Mizani, hata kampuni haikuijua thamani hiyo mwaka 1939. Ilitoa fedha zake, ikagharamia studio na kuchapa santuri bila uhakika wowote kwamba zingenunuliwa. Ikiwa kila bei inaweza kufunguliwa upya baada ya faida kuonekana, hakuna mwenye mtaji atakayethubutu kumdhamini msanii asiyejulikana. Msanii aliyetia saini bila kusoma asigeuke baadaye kulilia huruma ya umma.

Kibwagizo: Kusoma nini, ndugu yangu? Nimepiga gitaa la rithim katika bendi za dansi ujana wangu wote, na karatasi niliyokuwa naiona baada ya kurekodi ni daftari la malipo: unatafuta mstari wenye jina lako, unatia saini, unapokea bahasha, unampisha mwenzako aliye nyuma. Linda alikuwa mwajiriwa wa kampuni hiyohiyo, kazi yake kupakia santuri. Anayekulipa mshahara akikuwekea karatasi mezani, utambishia kwa nguvu gani? Na kwa kuwa tunazungumza haki, wimbo ule haukuwa wa Linda peke yake. Nyuma yake zilikuwapo sauti tatu za besi zilizoubeba tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna anayewataja wenye sauti hizo.

Ukingoni: Mzee Kibwagizo, shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe. Walirekodi mara tatu, na katika ile ya tatu, karibu na mwisho, Linda alibuni palepale sauti ya juu ambayo haikuwapo kabla. Sauti hiyo ndiyo iliyokuja kuvikwa maneno ya Kiingereza mwaka 1961. Kilichouzwa duniani kilitoka kinywani mwa mtu mmoja, na kumgawia kila aliyekuwa studioni ni kumdhulumu Linda kwa mara ya pili.

Kibwagizo: Marahaba, mwanangu, lakini hayo ni maneno ya mtu aliyekaa ukumbini kama mtazamaji. Sauti ya juu inabuniwa kwa sababu chini kuna watu wasioyumba. The Weavers walichukua nini mwanzoni? Walichukua kiitikio, kile kinachorudiwarudiwa na wote, wakakisikia "wimoweh" hata kikageuka kuwa jina la wimbo. Hicho nacho kilikuwa cha Linda peke yake? Hapa kwetu Tanzania hali ilikuwa hiyohiyo. Bendi ya NUTA, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vya chama, wanamuziki wa mshahara. Mpiga solo akiuongezea wimbo kipande ambacho watu wanakisubiri ukumbini, kipande hicho ni cha nani? Cha mtunzi wa mashairi, cha mpigaji, au cha mwenye gitaa?

Soko Huru: Swali la mzee linathibitisha hoja yangu. Wamiliki wakiwa sita, mnunuzi atapatana na nani? Ndiyo maana haki zinawekwa mkononi mwa kampuni moja.

Mizani: Ndugu Soko Huru, kuwa na mwakilishi mmoja hakumaanishi kumpa kila kitu milele. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia katika himaya yake, ilitamka kwamba haki alizouza mtunzi akiwa hai zinarudi kwa warithi miaka 25 baada ya kifo chake, hata kama alikubali vinginevyo. Kwa Linda hiyo ni 1987. Sheria hiyo ilikuwapo kabla ya shilingi 10 kutolewa, kwa hiyo mwekezaji hakufunguliwa bei yoyote kwa ghafla. Mjane na mabinti wa Linda walisainishwa karatasi nyingine za kuzitoa haki hizo baadaye, na bado kesi iliyofunguliwa Afrika Kusini mwaka 2004 dhidi ya Disney, ambayo iliutumia wimbo huo katika filamu yake ya mwaka 1994, iliisha kwa maafikiano mwaka 2006, familia ikaanza kupata mrabaha, yaani fungu la mapato ya wimbo.

Ukingoni: Familia ya Linda, si ya waimba besi.

Kibwagizo: Ndicho ninachokisema tangu asubuhi! Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi, na inamtambua pia mwimbaji na mpigaji kama mtendaji. Lakini aliyebuni mstari wa besi papo hapo studioni, bila kuandika popote, anaingia mlango upi? Mizani, wewe ndiye mwenye sheria. Nijibu hilo kwanza, kisha turudi kwenye shilingi 10.